Mwanao Anamwandikia Nani?

Haya ni maneno niliyowaambia wazazi na walimu katika kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi hapa Tanga mjini, Jumamosi asubuhi. Waliokosa kufika waliniomba niyaweke kwenye maandishi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimeviacha vicheko, pamoja na zile dakika tulizosubiri jenereta ya jirani inyamaze.

Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, Afisa Elimu Kata, walimu wenzangu, wazazi na walezi. Mlionizidi umri, shikamooni. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Mliobaki, habari za asubuhi.

Nimeitwa niseme juu ya kazi za nyumbani za sarufi na uandishi. Mwalimu Mkuu amenipa dakika ishirini, na mnaonifahamu mnajua hizo ni za kuanzia tu. Ualimu nimestaafu, lakini nyumbani nina wajukuu wanaosoma, kwa hiyo madaftari haya bado nayaona kila jioni. Zamani niliyaona kama mtoaji wa kazi. Siku hizi nayaona kama babu anayeulizwa swali wakati taarifa ya habari inaanza.

Nilitoe mapema lililonileta, maana najua wengine mmeacha meza sokoni Mgandini na wengine boti zinaingia. Watoto wetu wanapewa kazi nyingi za sarufi, na wanazifanya. Lakini hawamwandikii mtu. Fungua daftari la mwanao leo usiku utazame. "Jaza nafasi iliyoachwa wazi." "Andika sentensi hizi katika wingi." "Chagua jibu sahihi." Ishirini za namna hiyo. Hakuna hata mstari mmoja ambao mtoto alikuwa na jambo, akalitafutia maneno, akampelekea binadamu mwingine alisome. Anayefungua lile daftari ni mwalimu peke yake, naye, maskini, hasomi. Anaweka vema na kosa, vema na kosa, mwisho "Fanya masahihisho", anachukua jingine.

Simlaumu. Tufanye hesabu. Kiwango kinachotajwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Maswali ishirini mara 45 ni majibu 900. Sasa ninyi mnayajua madarasa yetu tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango, watoto wakaja kwa wingi, na ni heri walikuja. Weka watoto 80: majibu 1,600. Kwa somo moja, kwa siku moja. Mwalimu huyo ana vipindi vingine, na ana mtoto wake mwenyewe nyumbani anayemsubiri na daftari. Atasoma saa ngapi?

Na mtihani nao una lake. Mtihani wa Kiswahili wa Darasa la Saba, kwa miaka mingi, umekuwa hasa wa kuchagua herufi. Kuna sehemu ya sarufi, lugha ya kifasihi, ushairi, utungaji na ufahamu. Utungaji wenyewe mnajua ulivyo? Mtoto anapewa sentensi nne zilizovurugwa, anatakiwa azipange kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Sentensi zilizotungwa na mtu mwingine! Kupanga mtiririko ni ujuzi, sikatai. Lakini mtu anaweza kuzipanga zote sawasawa, akapata alama zake zote, akafika Kidato cha Kwanza hajawahi kutunga ukurasa mmoja wa kwake. Nimewapokea watu wazima wa namna hiyo wakiniomba niwaandikie barua ya kuomba kazi.

Sasa tuje kwenye sarufi yenyewe, ambapo nitakaa kidogo.

Mtoto wa miaka sita wa Makorora akikuta kiti hakina mguu, anasema "kiti kimevunjika". Hasemi "kiti amevunjika". Nani alimfundisha ngeli ya KI-VI, yaani kundi la maneno kama kiti na viti? Hakuna. Hata yule ambaye bibi yake anamsemesha Kibondei au Kidigo, jambo la ngeli si geni kwake, kwa sababu lugha hizo nazo zina ngeli zao. Mweleze habari za kifaru wa mbugani, atakwambia "kifaru amekimbia". Mweleze habari za kifaru cha jeshi, atasema "kifaru kimeharibika". Neno lile lile, na hakosei, wala hajui kwamba kuna wasomi wanaoandika makala ndefu juu ya jambo hilo.

Kwa hiyo ukimpa "Kiti ___mevunjika" ajaze, umemwuliza analolijua. Atapata vema. Wewe mzazi utafurahi. Mwalimu ataandika "Vizuri sana". Siku ya pili mwambie aandike habari zake mwenyewe, utaona maajabu: "Madaftari ya wanafunzi waliochelewa wamekusanywa." Si madaftari yamekusanywa? Lakini sentensi imerefuka, wanafunzi wamekaa katikati, wamemvuta mtoto, amesahau alianza na nini. Kosa hili halionekani kwenye nafasi za kujaza, kwa sababu sentensi za kujaza ni fupi. Linaonekana pale mtoto anapokuwa na jambo refu la kusema.

Mengine ni hayo hayo. "Kitabu ambacho nilichokisoma." Amba imeshabeba urejeshi, ile -cho inayorejea kwenye kitabu, na yeye anaurudisha tena ndani ya kitenzi. Msicheke, hata redioni yamo, na kwenye hotuba za wakubwa yamo. Au "mtu anae kuja", imekatwa katikati, y imepotea. "Kwasababu" imeunganishwa, "ni likwenda" imetenganishwa. Haya ya kukata na kuunganisha ni makosa ya kuandika, hayasikiki mtu anapozungumza, na kama yale mengine, hayatoki kwa kujaza mapengo. Kumfundisha mtoto uandishi kwa mapengo peke yake ni kumpigisha kasia mchangani: mkono utazoea, lakini chombo hakiendi.

Kuna kosa moja nalipenda, mtanisamehe. Mpe mtoto wa Darasa la Tatu aeleze siku ya sikukuu. "Tulienda Raskazone halafu tulicheza halafu tulikula halafu tulioga halafu tulirudi." Mwalimu anakata "halafu" zote kwa wino mwekundu na mtoto hajui kwa nini. Wakati dawa anayo mdomoni! Msikilize akiwasimulia wenzake uwanjani: "Tulienda Raskazone, tukacheza, tukala, tukaoga, tukarudi." Ile -ka- ndiyo "halafu" yenyewe. Mtoto anasimulia vizuri akiwa na watu wa kumsikiliza, anaharibikiwa akiwa na daftari peke yake. Hapo ndipo pa kushika.

Niwape mfano wa kazi ya nyumbani ambayo ningeitoa mimi. Mtoto ametoka shule, mama hayupo, amekwenda sokoni. Saa kumi mtoto anatakiwa chuoni, kusoma Kurani kwa ustadhi. Jirani amerudisha sufuria aliyoazima. Mtoto anafunga nyumba. Mwandikie mama ujumbe wa mistari mitatu. Anaandika:

"Mama jirani ameleta sufuria. Nimefunga mlango na ufunguo. Nimeiacha kwa bibi."

Sasa mpe mama asome. Kwanza, nani anaambiwa? Hapo amesoma "mama jirani", kama vile habari zinamhusu mama wa nyumba ya pili. Weka mkato: "Mama, jirani ameleta sufuria." Sasa anaitwa yeye. Pili, ni nini kilichoachwa kwa bibi? Ameandika "nimeiacha". Basi ni sufuria. Ufunguo haujulikani uliko, na mama amesimama mlangoni na kikapu cha samaki kichwani. Angeandika "nimeuacha", mama angekwenda kwa bibi moja kwa moja. Herufi moja, i au u, ndiyo inayomfungulia mama mlango. Mtoto akiliona hilo usoni kwa mama yake, hutahitaji kumtungia wimbo wa U-ZI na I-ZI. Ataelewa kwamba ngeli zipo ili msomaji asipotee.

Ndiyo maana nauliza kila mara, anamwandikia nani? Na mji wetu una haki ya kuuliza. Serikali ya Wajerumani ilifungua shule hapa Tanga mwaka 1892. Ilifunguliwa ili wapatikane makarani na walimu wa kuwatumikia wao, tusiipambe. Lakini shule hiyo ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na kuanzia mwaka 1904 lilitoka hapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, likaendelea mpaka vita ya kwanza ya dunia ilipolizima mwaka 1916. Si lile Kiongozi la Kanisa Katoliki lililokuja baadaye, ni jingine. Waliosoma Tanga wakapelekwa kazini bara, wakawa wanaleta habari za huko waliko, wakijua kuna watu wa pwani watakaozisoma. Hawakuandika ili wapate vema.

Na kusini kidogo ya mji, Vibambani karibu na Machui, ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Shule alisoma Dar es Salaam, 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa forodhani Pangani. Miaka minne ya shule tu! Tunamjua kwa mashairi na vitabu, lakini mtu huyo aliandika pia barua nyingi kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, na mdogo mtu akazitunza mpaka zikaja kuchapishwa. Fikirini: mtumishi wa serikali, ametoka kazini amechoka, anakaa chini kumwandikia ndugu yake, mwaka baada ya mwaka. Mimi naamini mazoezi yale yalikuwa na mkono katika ufundi wake, ingawa mnaweza kunibishia.

Wa umri wangu tulifundishwa hata kuandika simu ya maandishi, tukihesabu maneno maana kila neno lililipiwa. "Baba mgonjwa njoo upesi." Huduma yenyewe imekwisha, hakuna wa kuirudisha. Lakini ilikuwa na faida moja: ulimjua anayesubiri kule mwisho wa waya.

Sasa wazazi. Najua jioni zetu. Mtoto anatoka shule, anakula, anakwenda chuo, anarudi magharibi, kuna kuchota maji, kuna kibaba cha kufuatwa dukani. Mara umeme umekatika. Na niseme wazi, mvulana akifungua daftari anaachwa, msichana akifungua daftari anaitwa aoshe vyombo. Madaftari yanaonyesha. Nimeyasahihisha miaka mingi, najua daftari lililoandikwa mezani na lililoandikwa juu ya goti jikoni. Wote wawili wapeni ile nusu saa. Kwa Darasa la Tatu na la Nne nusu saa inatosha kabisa, na mwalimu anayetoa kazi ya saa mbili anawasomesha kaka na dada zao, kwa sababu ndio watakaoifanya. Au itafanywa asubuhi chini ya mwarobaini, kwa kupiga chabo.

Usimwandikie. Nakuomba, mama, nakuomba, baba, usimwandikie. Mwalimu anauona mwandiko wako kabla hajavaa miwani. Wala usikae na kalamu kumsahihisha kila neno. Wewe kuwa msomaji. Na asiyejua kusoma awe msikilizaji, hiyo ni kazi kubwa pia. "Nisomee ulichoandika." Asome kwa sauti. Akifika mahali hujaelewa, mwambie, "Hapo sijaelewa, rudia." Basi. Hutaji ngeli, hutaji kiima wala kiarifu. Yeye mwenyewe ataliona pengo, atashika kifutio. Bibi asiyejua herufi hata moja anaweza kumfundisha mtoto mtiririko kwa kumwuliza tu, "Huyo nani? Ikawaje?"

Tena bibi ana hazina. Kazi ya wiki nzima iwe hii: mwulize bibi anavyopika mkate wa kumimina, uandike ili binamu yako aliyeko Dodoma aweze kuupika bila kumpigia simu. Bibi huloweka mchele usiku. Huusaga na tui la nazi. Hutia hamira, sukari, iliki. Hapo mtoto amejifunza "hu-" ya mazoea bila kuambiwa. Akisahau kuandika hamira, mkate wa Dodoma hautaumuka, na simu itapigwa, na mtoto atakuwa amesahihishwa na mkate. Na kama bibi ana neno la kwao lisilo la kitabuni, aliandike kama bibi alivyolisema, kisha pembeni aandike la kitabuni. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Bibi wa Pangani hakosei kwa kuwa hakuzaliwa Unguja.

Tahajia. Watoto wanaandika "zambi" kwa dhambi, "selasini" kwa thelathini, "gali" kwa ghali, "ewa" kwa hewa. Hapa Tanga tuna msaada ambao shule nyingi za bara hazina, nao hatuutumii. Mtoto anayekwenda chuo anatamka herufi za Kiarabu dhali, thaa na ghaini kila siku mbele ya ustadhi, na akizichanganya anarudishwa. Asubuhi, darasani, anaandika "zambi". Sauti anayo, hakuna aliyemwambia kwamba ni ile ile. Mwalimu wa Kiswahili amkalishe huyo pamoja na mwenzake asiyekwenda chuo, mmoja atamke, mwingine aandike. Imla ya wawili wawili, dakika tano.

Na zile "xaxa" na "cjui" za kwenye simu? Mimi hazininyimi usingizi. Mtoto anayeandika "xaxa" kwa rafiki yake na "sasa" kwa mwalimu anajua anamwandikia nani, na hilo ndilo ninalolililia hapa tangu asubuhi. Shida ni yule asiyejua kutofautisha. Mpe kazi: ujumbe huu umetumiwa na kaka yako, uandike upya kama barua kwa Mwalimu Mkuu. Wataipenda.

Walimu wenzangu, kwenu sina mengi, ninyi ndio mko vitani. Punguzeni ishirini ziwe tano, na badala ya zile kumi na tano, ombeni sentensi tatu za mtoto mwenyewe. Kwa watoto 80 ni majibu 400 na sentensi 240, si majibu 1,600. Na msisahihishe kila kitu. Wiki hii tazameni herufi kubwa na nukta peke yake. Wiki ijayo, upatanisho wa sentensi ndefu. Daftari lililojaa wino mwekundu mtoto halisomi, analifunga. Kila siku chukueni madaftari kumi mkayasome kweli kweli, mwandike chini yake swali moja la mtu aliyesoma: "Ikawaje yule mbuzi, alipatikana?" Mengine wabadilishane wenyewe kwa wenyewe, wasomeane. Ijumaa zichaguliwe kazi tano zibandikwe kwenye karatasi ya manila pale ukumbini, gazeti la ukutani. Si lazima ziwe za wale wa kwanza darasani. Mtoto wa mwisho akiona jina lake ukutani na wenzake wamesimama wanasoma, ataandika tena bila kuambiwa.

Najua kuna swali linasubiri, maana nimeulizwa hata getini: muda wote huu wa Kiswahili, si heri watoto wafanye Kiingereza, kwa kuwa sekondari inawangoja? Kiingereza wafanye, nani kakataza. Lakini nimeziona insha za Kidato cha Kwanza. Anayeshindwa hashindwi msamiati tu. Hajui aanze na lipi, lipi lifuate, wapi akate aya. Hayo hayana haja ya kungoja lugha ya pili.

Mwalimu Mkuu amekubali tujaribu kwa Darasa la Tatu na la Nne muhula huu. Kila mtoto atakuwa na daftari dogo la pembeni, la kurasa 48, si kaunta buku, msitishwe na bei. Kila Jumatano atakuja nalo nyumbani na kazi moja ya kumwandikia mtu: mama, babu, jirani, dereva wa daladala. Chini ya kazi kutakuwa na mstari wa msomaji. Unaweka jina au alama yako, hata dole gumba, kuonyesha kwamba umesoma au umesomewa. Ukipenda kumjibu mtoto kwa sentensi moja, mjibu, na usiogope tahajia yako, walimu hawatakusahihisha. Wameniahidi.

Mwenyekiti, dakika zangu nadhani zilikwisha kwenye kile kifaru. Nakaribisha maswali, na naomba tuanze na yule mama wa kule nyuma mwenye kitenge cha njano. Amenyoosha mkono tangu niliposema msiwaandikie watoto, na kwa anavyonitazama, nadhani hakubaliani nami.